Ngwatio ya Wodi ya Wazazi

Usimwulize Sista Murugi habari ya magoti kabla hajanywa chai. Muulize habari ya mwanawe Ngatia anayefundisha shule kule Kangema, au habari ya viazi vyake vya Endarasha vilivyoozea shambani kwa ile mvua ya mwaka wa tisini na saba isiyojua kukatika; hayo atakujibu vizuri, hata atacheka. Lakini magoti, wacha. Magoti alilala nayo na kuamka nayo, na ilipofika saa ya kuvaa kofia nyeupe na kuingia wodini alikuwa ashachoka kama mtu anayetoka kazini, si mtu anayeingia.

Alikuwa muuguzi katika hospitali ndogo ya kanisa nje kidogo ya Mweiga, upande wa milima ya Nyandarua, mahali ambapo ukungu huingia dirishani bila kubisha hodi. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na mitatu. Kazi aliianza akiwa msichana, na tangu hapo ameinama. Watu hudhani kazi ya uuguzi ni sindano. Sindano ni nini! Kazi ya uuguzi ni kuinama. Unainamia kitanda, unainamia beseni, unainamia mtoto, unainamia mtu mzima aliyelegea unayetaka kumgeuza asipate vidonda mgongoni. Na vitanda vya hospitali ile vilikuwa vya chini mno, vya chuma, vya enzi za wazungu. Aliyevinunua, naapa, hakuwahi kumwinamia mgonjwa hata siku moja. Halafu miaka yenyewe ndiyo ile ambayo wodi zilijaa vijana wa ugonjwa uliotajwa kwa kunong'ona, watu wa kubebwa kwa kila kitu, na mama zao waliokaa kando ya kitanda wamekwisha kabisa.

Kila muuguzi alizunguka wodi zote kwa zamu, mchana na usiku, kijana kwa mzee, bila upendeleo. Ndiyo haki, walisema. Haki gani hiyo, ya kumpa mama mzima mzigo uleule wa msichana aliyetoka chuoni juzi, kisha ukaita sawasawa? Lakini ndivyo ilivyokuwa, na Murugi hakuomba apunguziwe. Watu wa rika lake hawakufundishwa kuomba.

Siku moja goti likakataa. Alikuwa wodi ya wanaume pamoja na Kinya, muuguzi kijana kutoka upande wa Meru, msichana mwenye mikono ya nguvu na mdomo usiokaa kimya. Walikuwa wakimwinua mgonjwa wamrudishe kitandani. Goti la kulia likaachia. Mgonjwa akateleza taratibu hadi sakafuni, na Murugi akateleza naye, amemkumbatia asigonge kichwa. Hakuna aliyeumia. Tena mgonjwa mwenyewe, maskini, ndiye aliyesema, "Pole, Sista." Murugi alikaa pale chini na mtu mzima mapajani, na kwa muda mfupi hakutaka kuinuka. Sakafu ilikuwa baridi, na baridi ile ilimfaa. Jambo hilo hakumwambia mtu.

Habari ilifika ofisini kabla ya chai ya saa nne. Kingori, katibu wa hospitali, akamwita. Kingori hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu wa kubanwa huku na huku, wauguzi wachache, wagonjwa wengi, na wakubwa wa Nyeri mjini wakimuuliza kila mara kwa nini.

"Sista, mimi sisemi umekosea," alisema. "Mimi nasema umechoka. Kila muuguzi lazima azunguke wodi zote. Yule hawezi kuzunguka, mwezi wa sita tunamuaga. Kwa heshima kabisa. Tunafanya sherehe."

"Sherehe ya nini?"

"Ya kukushukuru."

"Kwani nimekufa, Kingori?"

Kingori akacheka. Murugi hakucheka.

Alitoka mle ofisini akaenda kusimama nyuma ya jengo la kufulia nguo, mahali pasipo na mtu. Ajabu ni kwamba alikuwa amechoka kweli. Angeambiwa alale wiki nzima, angelala. Lakini kulala ni kitu kimoja, na kuachishwa ni kitu kingine. Kule Endarasha nyumba ilikuwa kimya tangu mumewe, mzee Wamae, alipozikwa. Akirudi huko atafanya nini? Atasubiri Krismasi Ngatia alete watoto? Kazi ya kuzalisha ndiyo kazi aliyoijua, na aliipenda, aliipenda hata siku alizoilaani. Kumtoa ilikuwa ni kumwambia kwamba sehemu yake bora imekwisha na iliyobaki ni ya kuwekwa kando. Hapo akalia kidogo, akajifuta kwa aproni, akakasirika kwa kulia.

Kinya alimkuta hapo. Alikuwa ameleta mashuka machafu.

"Sista, usiniambie ni huyo Kingori."

"Ni goti," Murugi akasema. "Kingori ni mdomo tu."

Wakakaa juu ya marundo ya mashuka, na ndipo Murugi, kwa hasira zaidi kuliko kwa hekima, alipoanza kusema habari ya ngwatio. Anayetoka huko anaijua: akina mama wanaungana, leo wanalima shamba la huyu, kesho la yule, hadi mashamba yote yamelimwa na hakuna aliyelima peke yake. Mama yake Murugi alienda ngwatio hadi mgongo ulipopinda kabisa. Hakuna aliyemwambia abaki nyumbani. Vijana walichimba, yeye akafuata nyuma akiangusha mbegu mashimoni, na siku ya shamba lake walikuja wote na majembe yao kama kwa mtu mwingine yeyote. Kuangusha mbegu kulihesabika kuwa kazi, kwa sababu ni kazi.

"Sasa hapa," Murugi akasema, "mtu akishindwa na jembe anaambiwa shamba si lake."

Kinya aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Hata kwetu Meru iko hiyo. Sista, kwani sisi tunashindwa na nini?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wauguzi walikaa jikoni wakapatana kwamba Murugi abaki wodi ya wazazi, asizunguke tena. Vijana watachukua zamu za usiku za Murugi, na kuinua, na kila kitu cha chini. Murugi atachukua vya kwao ambavyo havikutaka magoti: kuwapokea akina mama wanaokuja na uchungu, kuwapima, kukaa nao, kuzalisha, kuwaelekeza wauguzi wageni, na kliniki ya Ijumaa yenye kelele za kupasua kichwa, ambayo vijana waliichukia kama nini. Fundi Gatimu, seremala wa hospitali, akachonga vipande vya mti wa mkaratusi akaviweka chini ya miguu ya kitanda cha kujifungulia, kitanda kikapanda juu, na mgongo wa Murugi ukasema asante siku hiyo hiyo. Kingori alikuna kichwa. Mwishowe akasema sawa, wajaribu, lakini Matroni Mukami, mkubwa wa wauguzi wa hospitali zote za kanisa, atakuja kutoka Nyeri mjini kabla ya mwezi wa sita. Akiona ni kazi, Murugi atabaki. Akiona ni mchezo, basi.

Na ilikuwa kazi, mwanzoni. Murugi alichoka bado, lakini alichoka uchovu wa kawaida, ule unaoisha ukilala. Asubuhi aliamka mtu.

Sasa nikuambie kosa lilivyoingia, maana halikuingia kwa ubaya. Lingeingia kwa ubaya wangeliona na kulifukuza. Liliingia kwa adabu.

Watoto wa huko wamelelewa hivi: ukimwona mama mzee ameshika kitu, unakipokea. Kuni, maji, kikapu, chochote. Hungoji uambiwe. Anayemwacha mama mzee abebe, watu huuliza alizaliwa wapi. Kwa hiyo Kinya akimwona Murugi na trei, mkono unakwenda wenyewe. "Lete, Sista." Keshoye akimwona na mashine ya presha: "Lete, mimi nitapima." Muuguzi mwingine akaleta kiti. Mwingine akaleta mto wa kuweka kwenye kiti. Walipokwisha kumkalisha, jina nalo likabadilika bila mtu kulipanga. Sista akawa Mami, na Mami akawa Cucu, yaani bibi kizee. "Cucu, pumzika." "Cucu, wewe tuangalie tu." Cucu! Na mwanamke bado anazalisha watoto wa watu!

Kwa nini hakukataa? Ni swali zuri, na Murugi alijiuliza mara nyingi. Alikataa mara ya kwanza, na mara ya pili alikataa kwa sauti ndogo zaidi. Kukataa nako ni kazi. Inataka nguvu ya kusema hapana kwa mtu anayetabasamu, tena kutwa nzima, na nguvu zenyewe ndizo zilizokuwa haba. Halafu magoti, wasaliti wakubwa wale, yalipenda kile kiti. Siku moja alipokuwa akifungua aproni jioni akashtuka: ilikuwa safi. Tangu asubuhi hakuwa amemgusa mgonjwa hata mmoja. Alisimama akiitazama aproni ile. Akajiambia kesho atasema nao. Kesho ilifika na mvua, na akina mama wengi, na Kinya akimpokea trei, na hakusema.

Matroni Mukami akaja mwezi wa tano.

Wasichana walijua siku hiyo ni siku ya Cucu wao, wakataka aonekane vizuri. Ngai wangu, nia ilikuwa njema! Walipiga wodi deki mpaka ikang'aa. Walimpigia Murugi pasi sare yake kwa mikono yao. Walimweka mbele, kwenye kiti na mto, wakamtandikia shali mabegani kwa sababu ya baridi, wakaweka chupa ya chai na kikombe kizuri kando yake. Kisha wakakimbia kufanya kazi yote, yao na yake, kwa bidii ambayo hospitali ile haijaona tena, ili matroni aone wodi inavyokwenda vizuri.

Matroni alikuwa mwanamke mnene kiasi, wa kuja kimyakimya, mzaliwa wa Meru kama Kinya. Alisimama mlangoni kitambo. Alimwona Murugi. Aliona shali. Aliona Kinya akipita na kummiminia Cucu chai, akisema kwa upole, "Kunywa ikiwa moto."

"Sista Murugi," Matroni akasema baada ya salamu, "huyu msichana, wewe ndiye mgonjwa wake?"

Kingori, aliyesimama nyuma, alitazama viatu vyake.

"Nilisikia mko na ngwatio hapa," Matroni akaendelea, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyesafiri kutazama kitu akakikosa. "Nilifurahi. Hospitali zetu zote ziko na akina mama kama wewe, na mimi nawaaga kila mwaka, na kila mwaka nakosa mikono. Nikasema, nikiona inafanya kazi Mweiga, nitaipeleka kwingine. Lakini kwetu mama mzee wa ngwatio huangusha mbegu. Yule anakaa ukingoni na kikombe, tunamwita mgeni."

Kinya akadakia. "Matroni, ni sisi, hatutaki achoke—"

"Nyamaza, Kinya," Murugi akasema.

Akavua shali. Kuvua kulimchukua muda, kwa sababu wasichana walikuwa wameifunga na pini, naye alikuwa na hasira. Hasira za nani hata hakujua. Za Kingori, za wasichana, za mto ule, na zaidi za nafsi yake.

"Mimi nimechoka," akasema. "Mnasikia nyote? Nimechoka, na nitachoka tena kesho, na nikienda Endarasha nitachoka huko vilevile. Sikuomba nisichoke. Niliomba mninyang'anye jembe mniachie mbegu. Mmeninyang'anya na mbegu. Na mimi mwenyewe nimewapa, kwa sababu kiti kilikuwa kitamu. Hilo ni langu, silikatai. Lakini Matroni, usinihukumu kwa chai."

Matroni alimtazama. "Nikuhukumu kwa nini?"

Murugi alionyesha kwa kidevu. Kwenye benchi la mlangoni alikuwa ameketi msichana aliyeletwa na shangazi yake kutoka mashamba ya juu, mimba ya kwanza, ameshika ukuta kwa mikono miwili na kuapa kwamba anarudi nyumbani, kwamba ameghairi.

"Kwa yule," Murugi akasema. Kisha akawageukia wasichana. "Na nyinyi sikieni. Nikiomba, nipeni. Nisipoomba, niacheni."

Siwezi kukudanganya kwamba alipendeza. Alikwenda akichechemea. Alimshika yule msichana mkono, akamwambia kwamba wote hughairi, kwamba hata yeye alighairi alipomzaa Ngatia na hakuna aliyemsikiliza, na msichana akacheka kidogo katikati ya kilio. Alimpima polepole. Alivaa miwani, akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Mkasi ukamponyoka ukaanguka sakafuni, na wauguzi wote wakashtuka kama ng'ombe waliosikia fisi.

Hakuna aliyesogea. Kinya alikuwa amekunja mikono nyuma ya mgongo, kidole kimefunga kidole, na uso umemwiva.

"Kinya," Murugi akasema bila kugeuka, "niokotee huo, uniletee mwingine safi."

Kinya karibu aruke.

Ikaenda hivyo hadi alasiri. Kinachohitaji kuinama aliomba, wakafanya. Kingine chote alifanya mwenyewe, na alifanya polepole, na jasho lilimtoka. Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye hasira, juu ya kile kitanda kilichopandishwa, na Murugi akamshika akiwa amesimama wima. Wauguzi wengine wangefanya vizuri vilevile, na wengine haraka zaidi. Aproni yake ilikuwa chafu kila mahali.

Matroni hakupiga makofi. Alimwambia Kingori, mbele ya watu, kwamba ngwatio iendelee, na mwezi wa sita hakuna sherehe. Alipopita karibu na Murugi akasema kwa sauti ya chini, "Mama Ngatia, nitarudi, na sitasema nakuja siku gani. Nikikuta mto huo, mimi mwenyewe nitakuletea keki ya kukuaga."

"Njoo tu," Murugi akasema.

Ungedhani alifurahi. Alifurahi, ndiyo, lakini furaha yenyewe ilikuwa imechoka. Alikuwa amepigania kazi akapewa kazi, na magoti hayakupewa chochote. Alilala na sare.

Jumatatu iliyofuata alikuwa akirudi kutoka Endarasha, alikokwenda kutazama shamba. Alishuka barabarani akaanza kupanda njia ya hospitali, matope matupu, amebeba kikapu chenye mboga za sukuma wiki na viazi vichache vilivyopona. Kinya alimfikia nyuma, akitoka dukani.

"Sista, habari ya nyumbani."

"Nzuri."

Akaiona mikono ya Kinya ikitoka, ikasimama hewani, ikarudi na kujificha kwenye mifuko ya sweta. Wakapanda pamoja, mwendo wa Murugi, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika. Kikapu kilikuwa kizito, na Murugi alijua anaweza kuomba msaada wakati wowote, na kwa sababu hiyo aliweza kukibeba bado kidogo.

Kwenye kona walikutana na mzee Ndungu, mwuza maziwa, anashuka na mitungi yake. Mzee akasimama. Akamtazama Murugi aliyejipinda na kikapu, akamtazama msichana mzima, mwenye afya, anayetembea kando na mikono mfukoni.

"Haiya! Wewe msichana!" akafoka. "Hata haya huna? Cucu anabeba mzigo, na wewe umeweka mikono mfukoni kama diwani! Kwenu mlifundishwa nini? Wewe ni mtoto wa nani?"

Waliokuwa wakipita wakageuka. Mama mmoja akatikisa kichwa, mwingine akasonya. Kinya aliinamisha uso, masikio yakamuwaka, machozi yakamlenga, na yule mwenye mdomo usiokaa kimya hakujibu hata neno moja. Mikono hakuitoa.

Murugi akaweka kikapu chini kwenye matope, akavuta pumzi.

"Mzee, mwache," akasema. "Ananisaidia."